Ufagio, panga na ndoo ya chokaa

Mgeni akifika kwenye gofu lolote la pwani yetu, mara nyingi simu yake haielekei mlangoni wala kwenye vidaka vya ukutani. Inaelekea kwenye mti. Mtini mwitu umekaa juu ya ukuta, mizizi imeteremka mpaka chini, imeyashika mawe kila upande, na jua la alasiri linapenya kati ya majani. Picha nzuri, sikatai, nami ninazo za namna hiyo. Tatizo ni kwamba aliyepigwa picha pale ni muuaji akiwa kazini.

Kisa huanza na ndege au popo. Anakula tunda, anatua juu ya ukuta, anaacha mbegu na samadi yake pamoja. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na chokaa iliyokwisha kuchoka hushika unyevu. Masika moja tu inatosha: mche unachomoza, mdogo, laini, na mtu yeyote mwenye vidole viwili anaweza kuung'oa. Ukipita mwaka wa tatu au wa nne unahitaji panga. Ukiuacha zaidi ya hapo, mizizi inaingia ndani ya ukuta, inatanua kila ufa, inasukuma jiwe moja mbali na jiwe jingine, mpaka siku ambayo huwezi tena kuung'oa, kwa sababu ukuta hauna kitu kingine kinachoushika isipokuwa mti ule ule ulioubomoa. Ukiuvuta unakuja na ukuta. Hapo fundi hukata shina, hulitia dawa life polepole, hukaa akingoja, kisha hujaza mashimo kwa mawe madogo na chokaa. Kazi ya miezi, na fedha nyingi, badala ya vidole viwili.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu madarasa ya chini, na pengine ndiyo maana haitusumbui tena.

Mimi ni mtu wa njia ya Bububu. Anayepanda daladala ya 502 kutoka mjini, akakaa dirisha la kushoto, anapita mbele ya historia nzima ya makasri ya Unguja kwa nauli ya kawaida. Kwanza Maruhubi, nguzo zake zikionekana kati ya miembe na minazi. Halafu Mtoni. Halafu Kibweni. Halafu Beit el-Ras, ambalo Sayyid Said, sultani wa Unguja na Oman, alilianza mwaka 1847 na hakulimaliza. Alipofariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, kazi ilisimama, na baadaye baadhi ya mawe yake yakachukuliwa kujengea reli ya Bububu. Ukishuka mwisho wa njia na kuingia shamba, unafika Kidichi kwenye hamamu, nyumba ya kuogea ya kifalme. Nimeyapita haya tangu nikienda skuli nimevaa kanzu na kofia, na kwa muda mrefu sikuyaona kuwa ni kitu. Yalikuwa mawe tu, mahali pa kuchunga mbuzi na kucheza mpira.

Kilichonigeuza si historia. Ni maji.

Tazama mahali makasri haya yalipo. Kasri la Mtoni, kongwe kuliko yote, lilijengwa kati ya mwaka 1828 na 1834 mahali ambapo kijito kinaingia baharini. Sayyid Said hakuwa mjinga. Alikuwa akitoka Muscat, mji wa majabali, ambako maji yana thamani ya fedha, akafika mahali ambapo maji yanajiendea yenyewe mchana na usiku. Basi akayaweka ndani ya nyumba yake. Kijito kilipita katikati ya ua wa kasri. Palikuwa na safu ya mabirika ya kuogea, na pembeni mwake michungwa. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na akaja kufia Ujerumani mwaka 1924, aliandika kumbukumbu zake za utoto. Anawataja tausi, paa, mbuni na mabata waliokuwa wakizunguka uani bila kufungwa, na michungwa mirefu ambayo watoto walikuwa wakipanda kujificha mwalimu wao mkali asiwaone. Upande wa bahari palikuwa na banda la duara la mbao, na hapo Sayyid alikunywa kahawa na kutazama merikebu zake kwa darubini.

Hiyo ndiyo bustani ya kasri la pwani yetu. Ukija ukitafuta vitanda vya maua vilivyokatwa pembe nne, na vijia vya changarawe vyenye ulinganifu, hutapata, wala havikuwapo. Bustani ilikuwa kivuli, maji yanayopita, matunda na harufu. Kulikuwa na mikarafuu pia, na hili watu hulisahau: Mtoni ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa karafuu ilipopandwa Unguja, pamoja na Kizimbani, kabla hata kasri halijasimama. Aliyeipanda, Saleh bin Haramil, alinyang'anywa mashamba yake na Sayyid Said. Kwa hiyo bustani ilikuwa ya uchumi kwanza, uzuri ukafuata.

Na palikuwa na mikono. Salme alikadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi Mtoni. Tukiisoma sentensi hiyo haraka tunawaona masuria, wana wa mfalme, mavazi ya hariri. Lakini wengi katika hao walikuwa watumwa, na hao ndio waliofagia ua, waliozoa samadi ya wanyama, waliochota taka kwenye mabirika, waliopanda juu ya mapaa kabla ya masika kuzibua milizamu. Hakuna kibao cha maelezo kinachowataja kwa majina kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Ila ukitembea katika uwanja ule na kujiuliza kwa nini mabirika mapana hivi yaliweza kukaa safi, jibu ni wao. Matunzo ya makasri haya hayakuwa na bei kwa sababu waliotunza hawakulipwa.

Hebu tupige hesabu ya nyakati. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa saini mwaka 1873. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Kasri la Maruhubi liliungua mwaka 1899, na halikujengwa tena. Mtoni lilikuwa limeshaachwa kabla ya hapo, likaja kuungua mwaka 1914, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza likatumika kama ghala. Sisemi kwamba sababu ni moja. Moto ni moto, na enzi ya masultani wenye nguvu ilikuwa imekwisha. Waingereza walishaonyesha nani mwenye amri mwaka 1896, walipoyapiga makasri ya mjini kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Lakini nyumba inayohitaji mamia ya watu ili ibaki safi, siku watu hao wanapokuwa huru kuondoka, imeshapata hukumu yake. Moto ulikuja kukamilisha tu.

Maruhubi ndipo ninapopapenda zaidi, ingawa ni gofu kuliko magofu yote. Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said aliyekuja kuwa sultani, alilijenga kati ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya nyumba yake ya wanawake; simulizi husema mke mmoja na masuria 99, na kila mtembeza wageni hulisema hilo kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Orodha ya masuria sijaiona. Nguzo nimeziona. Ni nene, za mawe na chokaa, ziko safu kwa safu bila dari, na zamani zilibeba roshani pana za mbao. Mbao ziliungua. Mawe yakabaki. Marumaru ya hamamu yaliibwa zamani.

Barghash alikuwa mtu aliyetazama mambo ya wenzake. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, na inasemekana ukuta mrefu uliozunguka uwanja wa Maruhubi, pamoja na wazo la kuwa na uwanja mkubwa wenye miembe, aliuchukua kwenye majumba ya kitajiri aliyopelekwa kuyaona huko. Lakini maji aliyafanya kwa ujuzi wa kwake. Maji ya Maruhubi yalitoka kwenye chemchemi ya Chem Chem kwa mfereji wa mawe uliojengwa juu ya matao, na ni Barghash huyo huyo aliyeleta maji ya bomba mjini. Mabwawa ya kasri bado yapo. Yamejaa mayungiyungi. Watu hupiga picha mayungiyungi vilevile, na hapa sina ugomvi nao, kwa sababu yungiyungi halibomoi kitu. Ila majani yake yakioza na kujaa chini, bwawa linakuwa tope, na tope linakuwa shamba la mbu, na mwishowe mtu mwenye nia njema huja na wazo la kulifukia.

Nilizungumza na mzee mmoja anayefanya usafi kwenye mojawapo ya magofu haya. Silitaji lipi, kwa sababu sitaki aulizwe. Nilimkuta ameinama, anakwangua majani yaliyokusanyika pale ukuta unapokutana na ardhi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo, pana shimo."

Nikamwuliza kwa nini anahangaika na majani ya pembeni ya ukuta ilhali katikati ya uwanja kumejaa. Akanitazama, nadhani alikuwa akipima kama mimi ni mtu wa kuelezwa. Akasema majani ya katikati ni ya wageni, yanaonekana machafu lakini hayana madhara. Haya ya ukutani yakilowa yanakaa na maji wiki nzima, na ukuta unayanywa. Akanionyesha alama ya kijani iliyopanda mpaka magotini mwangu. Halafu akanyanyua kidole juu, kwenye ukingo wa ukuta, ambako kulikuwa na kijiti chenye majani matano.

"Kile nilikiona tangu kikiwa na mawili," akasema. "Sina ngazi."

Nimekaa na jambo hilo la ngazi muda mrefu. Alikuwa ameomba. Alikuwa ameambiwa asubiri mradi. Mradi ukija, ataletwa mtaalamu, itaandikwa ripoti yenye picha za rangi, na ndani yake mtaalamu atapendekeza mimea iondolewe juu ya kuta. Mzee hajui kusoma ripoti, lakini ameshaiandika kichwani mwake miaka mingi kabla haijalipiwa.

Hapa itabidi nieleze kuhusu chokaa, na msomaji asiyependa mambo ya ujenzi aniwie radhi, kwa sababu bila chokaa huwezi kuelewa kwa nini maji ni adui.

Nyumba kubwa za Unguja, makasri na zisizo makasri, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe hutoka kwenye matumbawe: hupangwa juu ya magogo, huchomwa, kisha hunyweshwa maji na kuachwa shimoni. Fundi anayejua kazi haitumii ikiwa changa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini na kushika vizuri. Ikishapigwa ukutani huvuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe linalopumua: unyevu huingia, unyevu hutoka. Ukuta wa namna hii, ulio mnene kupita urefu wa mkono wa mtu mpaka kiwiko, unaweza kulowa masika na kukauka wakati wa kusi bila kudhurika, alimradi una paa na chokaa yake ya nje ni nzima.

Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida ni kama mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa, kisha watu hukaa safu na kuipigilia kwa virungu vya mbao huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka sakafu inakuwa ngumu na laini. Kazi ile haikuwa na mkato. Ukiipigilia nusu, ina vitundu, maji yanapita, boriti inaoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayeiona. Siku inayokatika, inakatika na kila kilicho juu yake.

Sasa anakuja mtu na saruji. Nyumba inavuja, ukuta unamomonyoka, na saruji ipo dukani kila mtaa, inakauka kesho asubuhi. Anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Kwa mwaka wa kwanza panapendeza. Lakini saruji haipumui. Maji yaliyoingia kwa juu au yaliyopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea, yanakaa ndani pamoja na chumvi ya bahari, na nyuma ya lipu ile ngumu matumbawe yanageuka unga. Umewahi kumwona mtu aliyevikwa koti la mpira juani? Siku moja lipu yote inadondoka kwa kipande kimoja, na nyuma yake hakuna ukuta, kuna mchanga. Rangi za plastiki hufanya vivyo hivyo kwa utaratibu zaidi. Nimeona kuta za karne mbili zilizoharibiwa na ndoo mbili za rangi nzuri ya maziwa, kwa ajili ya ziara ya mkubwa.

Najua kuna watakaosema kwamba naizungumzia chokaa kama dini. Labda. Lakini nitajie jengo moja la mawe Mji Mkongwe lililoponywa na saruji.

Na hapa hatuwezi kulikwepa Beit al-Ajaib. Barghash alilijenga mwaka 1883, jumba la sherehe, lenye nguzo za chuma, la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na baadaye likawekwa lifti. Mizinga ya 1896 ilililenga likasimama. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Watu waliokuwa Forodhani siku ile wanasema vumbi liliziba bahari.

Kueleza kiini cha ajali ni kazi ya wahandisi, wala sitamnyooshea mtu kidole. Ninachokikumbuka ni kwamba mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilikuwa imeshaanguka. Kati ya tarehe hizo mbili kuna masika nane. Masika nane za maji yanayoingia mahali pale pale palipofunguka. Jengo la ukubwa ule, katika kisiwa kinachopata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, halisubiri fedha zipitishwe. Nilipokuwa mdogo tulifundishwa kulionea fahari kwa sababu ya lifti na umeme. Hakuna aliyetufundisha kuuliza nani anapanda paani.

Jirani yake, Beit el-Sahel, ambalo masultani waliishi mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, likageuzwa makumbusho mwaka 1994, na ndani yake kuna chumba cha Salme. Nikitembeza wageni wangu wa nyumbani, wale ndugu wanaokuja kutoka bara au kutoka Muscat kwa ajili ya arusi, ninawapeleka kwanza nje, upande wa makaburi ya kifalme, kuwaonyesha kwamba uwanja nao ni sehemu ya kasri. Watu hukimbilia ndani kutazama vitanda na meza. Ndani kuna feni. Nimewasamehe.

Mbele ya yote hayo kuna Bustani ya Forodhani, na kwangu hiyo ndiyo hoja yangu iliyo hai. Zamani palikuwa na maghala ya forodha. Katika miaka ya 1930 pakafanywa bustani, kwa heshima ya miaka 25 ya mfalme George wa Tano kwenye kiti. Pakachakaa, ukuta wa bahari ukachakaa, na mwaka 2009 pakafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa ya Shirika la Utamaduni la Aga Khan. Kila usiku panajaa moshi wa mishikaki, urojo, juisi ya miwa, watoto wanaojirusha baharini, mafuta yanayomwagika juu ya mawe, vijiti, sahani za karatasi. Kila asubuhi kuna watu wenye mifagio. Bustani haijachakaa tena kwa kiasi kile, pamoja na kwamba inatumika vibaya kuliko gofu lolote, na tofauti ni hao wa asubuhi. Gofu la Maruhubi halitumiki na mtu, lakini linakwisha haraka zaidi.

Kuna mazungumzo, huja na kuondoka, ya kuzirudisha bustani za masultani kama zilivyokuwa. Mimi nayasikiliza kwa wasiwasi. Nimeona mipango ya namna hii inavyoishia: maua karatasi ya zambarau kila kona, nyasi za kumwagiliwa, taa za kijani zinazochomoza ardhini. Maua karatasi ni mazuri, lakini asili yake ni Amerika ya Kusini, na Salme hakujificha ndani yake. Na kumwagilia nyasi karibu na ukuta wa chokaa ni kuuletea masika ya mwaka mzima. Kama ni lazima tupande, basi tuipande michungwa, kwa sababu tuna shahidi wa michungwa. Tupande mikomamanga na asmini, na vilua na langilangi, miti ambayo bibi zetu walijua kuitumia kwa arusi, na tuipande mbali na msingi, mbali kiasi ambacho mzizi wake ukikua haufiki ukutani. Halafu tuache kivuli kifanye kazi. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa miti mingi ya kisiwa hiki kwa siku moja. Hakuna bustani ya zamani tunayoweza kuirudisha mti kwa mti, na mtu akikwambia anaweza, mwulize picha yake ilipigwa lini.

Huko Gede, karibu na Watamu upande wa Kenya, walichagua njia nyingine ambayo inanivutia. Mji mzima na kasri lake umo ndani ya msitu, na msitu umeachwa uwe msitu: mibuyu, kima na yote. Kati ya mji na msitu panawekwa mpaka, na mpaka huo hausimami wenyewe. Lazima mtu apite, akate, afagie, apite tena. Mwaka 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, kama Mji Mkongwe ulivyoingizwa mwaka 2000. Orodha ni jambo jema. Haina panga.

Nikiwa na fedha za kasri moja kwa mwaka mmoja, ningezigawa hivi: sehemu ndogo kabisa kwa vibao, kwa sababu vibao hung'aa mwaka mmoja kisha hupauka. Ngazi mbili. Shimo la chokaa ndani ya uwanja wenyewe, lijazwe kila mwaka, ili mtu asipate kisingizio cha kwenda dukani kununua saruji. Fundi mmoja mzee analipwa kila mwezi, si kwa mradi, na vijana wawili chini yake wanaojifunza kushika mwiko wa chokaa kwa namna yake, wakati bado yupo. Kiingilio cha mgeni kinatosha kulipa sehemu ya hayo, kikibaki pale pale kinapokusanywa. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Nina mtoto wa mjomba ambaye ni mtembeza wageni. Si papasi wa kuwawinda wageni mitaani, ana kitambulisho na Kitaliano kizuri. Yeye hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mimi ninaangalia mawe, yeye anaangalia nyuso. Mgeni akiona ukuta safi uliopakwa chokaa nyeupe anauliza, "Limejengwa lini?" kwa shaka. Akiona ukuta ulioshikwa na mzizi, ananyamaza, na akishanyamaza anatoa bakshishi. "Wewe ng'oa mti wako," ananiambia, "halafu uje unilishie watoto."

Nikamwambia basi tutazame Kidichi. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shehrzad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said. Kuba zake zimesimama, nakshi za lipu za ndege na maua kwa mtindo wa Kiajemi bado unaweza kuzifuata kwa macho ukiingia na kusubiri mpaka uzoee giza. Hakuna mti uliokaa ukutani. Nje kuna minazi na mikarafuu, na watu wanakuja. Kwa nini wanakuja, kama wanachotaka ni mizizi tu?

Akacheka. Akasema wanakuja kwa sababu wako njiani kwenda kuonyeshwa viungo, dereva anasimama hapo robo saa wapunge upepo, na nusu yao hawashuki garini. Nilitaka kubisha. Lakini nimewaona mwenyewe, wamekaa ndani ya gari, kioo kimefungwa, wakimsubiri mwenzao mmoja aliyeshuka kupiga picha.